Upande wa Nyuma wa Mshale

Nilikuwa juu ya nguzo ya tano, futi kamba nimeing'ata, mkono mmoja umeshika mpira wa maikrofoni, mwingine unatafuta spana. Chini Injinia Tekla anapiga kelele.

"Lugembe! Mshale unaelekea wapi?"

Ningejibuje na kamba mdomoni? Nikamwonyesha kwa kiwiko.

Ule mpira ni mkubwa kama tikiti maji dogo. Umetobolewa matundu thelathini na mawili, kila tundu lina maikrofoni yake ndogo kama punje ya mtama. Ubavuni una mshale mwekundu. Tulikuwa nayo mitano: mmoja katikati ya uwanja, minne pembeni, kila mmoja juu ya bomba la mita mbili na nusu. Kazi yangu ilikuwa kupanda. Niliacha shule kidato cha pili na sijawahi kuilia, lakini ukinipa waya na kitu cha kupanda, nipishe.

"Kitabu kinasema mshale uelekee jukwaani," akasema Tekla. Yeye ni mtu wa Bukoba, ametumwa na kampuni inayorusha sauti juu, na kile kitabu alikuwa hawezi kulala bila kuwa nacho.

Nikatema kamba. "Jukwaa lipi, Injinia? Huu ni uwanja wa ngoma."

Akageuka akatazama. Kweli hakuna jukwaa. Hapa Mwasenge makundi mawili ya ngoma yanashindana kwa namna moja tu. Bagika wanapiga upande wa josho la ng'ombe, Bagalu wanapiga upande wa ghala la pamba, wote kwa wakati mmoja, mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna jaji. Mtu anakwenda kule anakovutwa, akichoka anahama. Filimbi ikilia tunahesabu watu. Mwenye watu wengi ndiye kashinda.

"Sawa, elekeza popote," akasema. "Ila yote mitano ielekee kumoja."

Nikaugeuza mshale ukaelekea ghala la pamba. Nikashuka, nikarudia ile minne mingine, yote ikaelekea ghala. Sikufikiri hata kidogo. Kule ghalani ndiko kaka Gindu alikuwa anawamba ngozi. Mimi ni Galu, baba yangu alikuwa Galu. Mbele kwangu ni wapi kama sio pale?

*

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kontena la futi ishirini, tumelifunika magodoro ndani. Nililala humo siku mbili nikipanga spika. Ishirini na mbili. Kumi na mbili kuzunguka usawa wa masikio, nane juu, mbili miguuni. Katikati kiti kimoja cha kuzunguka.

Kila spika lazima iwe umbali uleule kutoka pua ya aliyekaa. Ikisogea karibu kwa upana wa kiganja, sauti yake inawahi, na sikio ni kitu cha kijinga, linaamini sauti yote inatoka kwa aliyewahi. Kwa hiyo nilipima kwa futi kamba, nikachora chaki sakafuni, na zile ambazo kontena lilinibana nikazichelewesha kwenye mashine, milisekunde moja, moja na nusu. Halafu nikaiachia kila spika ule mvumo wa majaribio, shwaaaa, kama mvua kwenye bati, mita ya sauti ikiwa juu ya kiti. Kila moja isome sawa na mwenzake. Ile ya kumi na tisa ilinisumbua mpaka nikaitukana.

Kaka Gindu aliingia nikiwa chini ya meza. Ni mtoto wa baba mkubwa. Nilipotoroka shule, kwake ndiko nilikofikia. Hakuniuliza kitu, alinipa koleo na redio mbovu akasema tengeneza. Sasa ni manju wa Bagalu, ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Miaka tisa tunashindwa.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, kaka. Usiguse hiyo."

Aliitazama skrini. Ilikuwa bado nyeusi, imechorwa duara la uwanja tu. "Hapa ndipo watatokea?"

"Kila mtu nukta moja. Na kila nukta ina kidomo, kama cha kifaranga, kinaonyesha uso umeelekea wapi. Mia sita na kumi na wawili."

Hao ni watu wetu walioko Mwezini. Wanachimba barafu kwenye shimo lisiloona jua. Kampuni zilipotafuta wachimbaji zilikuja kwanza huku kwetu, maana watu wa huku wamezaliwa na mashimo. Mkataba miaka mitano. Sauti wanayoisikia mwaka mzima ni pampu, feni, na mtu mwenzio akipumua kwenye redio. Mara moja kwa mwaka wanapewa mkondo mpana, saa moja na robo. Wanaingia kwenye bwalo walilochonga kwenye barafu, kubwa kama uwanja wetu, wanavaa visikio, na wanatembea. Ukitembea kule kuelekea upande wa josho, unasikia josho linakuja. Hawawezi kutujibu kwa sauti, mkondo wa kurudi ni mwembamba. Kinachorudi ni nukta tu.

Nao wanahesabiwa. Walio uwanjani na walio juu, pamoja. Mwaka huu kuna kitu kimeongezwa: manju atakayeshinda anapewa kiti kwenye chombo cha zamu. Anapanda, anakaa nao mwaka mzima, anawaimbia.

"Mia tatu arobaini," akasema Gindu. "Ndiyo namba yake."

Mkewe. Kashinje. Ana miaka mitatu juu, amebakiza miwili.

"Kaka, hairuhusiwi manju kuonyeshwa nukta kabla ya hesabu."

"Nimekuomba unionyeshe? Nimesema namba yake tu." Akachukua chaki yangu, akaichezea, akairudisha. "Lugembe, mwaka huu nyimbo ninazo. Koo ndilo sijui. Daktari kasema nikimaliza msimu huu nipumzike. Sasa wewe hizo waya zako zikaze."

"Zimekaa kama mawe."

"Haya." Akatoka. Mlangoni akageuka. "Ulikuwa kijana mjinga sana ulipokuja kwangu, unajua?"

"Na sasa?"

"Sasa una kontena."

*

Saa nane mchana Mwezi ulikuwa juu ya bati la ghala, mweupe, umefifia kama doa la sabuni. Watoto walikuwa wanaunyooshea vidole na kupunga. Filimbi ikalia, ngoma za pande mbili zikapasuka kwa pamoja.

Nilikaa kwenye kiti, uso ghalani, nikafunga macho. Mama yangu! Ilikuwa kama sina kontena. Ngoma kuu ya Gindu ilinipiga kifuani, njuga za wachezaji zikapita kushoto kwenda kulia, mtu akakohoa hapa karibu na bega. Nyuma yangu Bagika, na sauti ya Mbula, manju wao, mwanamke mwenye koo kama tarumbeta. Juu kunguru. Nilikuwa nimefanya kazi, bwana.

Kwenye skrini nukta zikaanza kusogea. Kule mtu haburuzi mguu, anaruka, kwa hiyo nukta nazo zilirukaruka kama maharage kwenye sufuria. Dakika ya kumi, mia nne wako ghalani. Dakika ya ishirini na tano, mia tano thelathini na tatu. Bagika wamebakiwa na sabini na tisa.

Nilipiga meza. Miaka tisa!

Hapo mlango ukafunguliwa kwa teke. Mzee Maduhu, mtunza ngoma wa Bagika, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa ameona hesabu kwenye ubao wa nje.

"Mmetia dawa kwenye mashine!"

"Karibu, mzee. Funga mlango, sauti inaingia."

"Mia tano kwa sabini? Mbula huyu ninayemjua mimi? Wewe ni Galu, babako Galu, mmetia dawa ya kuvuta watu. Nataka kukagua."

Na hiyo ni haki yake. Hapa kwetu upande wowote ukishuku, unatuma mtu mmoja, anaipindua ngoma ya wenzake, anaingiza mkono ndani kutafuta dawa. Hakuna anayekataa. Ukikataa umekiri.

"Kagua," nikasema. "Hii hapa ndiyo enkoda. Sauti zote zinaingia humu, inazifunga ziwe mzigo mdogo, zinarushwa. Ipindue ukitaka, ila usichomoe waya."

Akaiweka kiganja mgongoni. "Ina joto."

"Mashine zote zina joto, mzee."

"Hata ngoma yenye dawa ina joto." Akanusa. "Wao kule wanasikia hiki tunachosikia hapa?"

Hapo ndipo nilipojikwaa. Maana nilikuwa nasikiliza sauti kabla haijaingia kwenye enkoda. Kuna kitufe, KABLA na BAADA. Tekla alishaniambia sikiliza BAADA, ndiyo ile inayofika juu. Lakini BAADA inachelewa kidogo na inaniudhi, nilikuwa nimeijaribu dakika mbili asubuhi, uso ghalani, ikawa safi, nikarudi KABLA.

"Nakuwekea ile ile ya juu," nikasema, nikabonyeza. "Kaa."

Maduhu akakaa. Na akafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya, mimi tu nilikuwa nimejisahau. Mashindano yakiendelea, mtu hawezi kuzielekea ngoma za wapinzani. Zitamvuta. Alikanyaga sakafu, akazungusha kiti nusu duara, akaipa skrini mgongo. Uso wake ukawa joshoni, kwa watu wake.

Akainamisha kichwa.

"Mbona wako mbali?" akasema. Hakuwa anafoka tena. "Mbula yuko wapi? Namsikia kama yuko kwenye pipa."

Nilitaka kucheka. Nikainama karibu na kichwa chake, nikageuka na mimi nikaelekea kule.

Alikuwa kwenye pipa.

Ngoma za Bagika hazikuwa na ncha. Ule mlio wa fimbo kwenye ukingo haupo, imebaki bum, bum, kama jirani anahamisha kabati. Sauti ya Mbula ilikuwa imekwanguliwa maneno. Unasikia kuna mwanamke, husikii anasema nini.

"Ndivyo sauti ilivyo ikifika juu, mzee," nikasema. "Ni mbali."

Nilisema hivyo. Sijui ilitoka wapi, ilitoka haraka tu. Maduhu alinitazama usoni, akavaa kofia. Yeye ni mtu wa ngozi na mbao, enkoda ataijulia wapi?

"Haya. Nimekagua," akasema. Akatoka, akafunga mlango polepole.

*

Nikabaki na kile kiti.

Nikakizungusha mbele, Gindu safi kama maji. Nikakizungusha nyuma, Mbula kwenye pipa. Nikafungua ukurasa wa enkoda, nikaona neno ambalo nilikuwa nimelipita mara ishirini: SAFISHA. Limewashwa. Chini yake maelezo mafupi. Ili mzigo upungue, mashine inalinda sauti za mbele, na za nyuma inazikamua, kwa sababu nyuma ni mwangwi wa ukumbi na makofi ya watazamaji.

Aliyeitengeneza alikulia mahali penye jukwaa. Kwake muziki uko mbele, nyuma ni watu waliolipa kiingilio. Nani angemwambia kwamba kuna uwanja ambao nyuma nako wanaimba?

Na mshale niliuelekeza mimi. Maduhu alikuwa amesema kweli. Dawa ilikuwepo, na niliitia kwa mkono wangu, kwa spana namba kumi na tatu.

Sasa sikiliza. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na mbili kufika filimbi ya mwisho. Nje Tekla yuko kwenye antena, hajui. Maduhu amekagua, amekubali. Kaka Gindu anakwenda kwa mkewe. Aliyenitoa barabarani, aliyenipa koleo. Nikinyamaza tu, sio kusema uongo, kunyamaza, kiti ni chake. Na Mbula? Mbula hana mtu juu. Anataka kwenda kwa sababu anataka kwenda, alishasema mwenyewe sokoni: nataka nikaone kulivyo, mnanitazama nini?

Nikajiambia nyamaza. Nikarudi skrini.

Kulikuwa na nukta moja, themanini na saba, imesimama peke yake katikati ya uwanja. Wenzake wote wamekwenda ghalani. Yeye kidomo chake kinazunguka. Josho. Ghala. Josho. Anaruka hatua tatu kuelekea joshoni, anasimama, kidomo kinatafuta. Anarudi. Anakwenda tena. Ukimtazama unajua kabisa: huyu ni Gika. Amengoja mwaka mzima asikie watu wake, amefika mahali pao, na watu wake wako nyuma ya ukuta. Anafikiri tatizo ni masikio yake. Anafikiri pampu zimemharibu.

Nilimtazama dakika nne nzima, nikimwomba aende ghalani kama wenzake. Hakwenda.

Nikaruka kutoka kitini, nikatoka mbio.

*

Gindu alikuwa kwenye kibwagizo, anapumzisha koo, wacheza majembe wamejaa mbele yake. Shati limemganda. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwishafunga mizigo.

"Kaka." Nikamsogelea sikioni. "Mashine inawabana Bagika. Kule juu hawasikiki. Ni mimi, nimeelekeza mshale huku."

Hakunitazama. Aliendelea kupiga, fimbo zinapanda, zinashuka. Nikafikiri hajasikia.

"Kaka, nasema..."

"Nimesikia." Akapiga mistari minne mizima. "Kwa nini umeniambia?"

"Nifanye nini sasa?"

"Ungenyamaza ungeubeba mwenyewe. Sasa umenitwisha na mimi." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Kashinje alikuwa huku? Usiniambie. Nyamaza. Usiniambie."

Majembe yakapaa juu, yakazunguka, yakadakwa. Watu wakashangilia. Yeye alikuwa anautazama ule Mwezi juu ya bati.

"Nitafika kule," akasema, "ataniuliza, ulishindaje? Miaka tisa mnashindwa, mwaka huu mlishindaje? Yule mwanamke ananuka uongo kama moshi. Na mwaka mzima tutakuwa chumba kimoja." Akacheka, kicheko kibaya. "Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Basi nenda karekebishe, mjinga wewe, unasimama hapa ufanye nini? Nina wimbo wa kuimba."

Nikaondoka nikimsikia anaanza. Aliimba kama anagombana na mtu.

*

Tekla alinisikiliza akiwa ameshika antena. Rangi ilimtoka.

"Nikizima Safisha, mkondo hautoshi. Mzigo utakuwa mkubwa mno, itakatika kabisa, watakosa wote."

"Punguza sauti zinazorushwa."

"Zipi?"

"Za juu. Zile za spika nane. Zinabeba nini? Kunguru na upepo."

"Lugembe, watakosa mbingu. Ndiyo sehemu ambayo kampuni inajivunia kuliko zote."

"Injinia, mbingu wanazo mpaka zimewachosha. Wanachokosa ni mgongo."

Akanitazama, halafu akakitupa kile kitabu kwenye nyasi. Tukakimbia kontenani. Alichapa haraka, mimi nikakaa kitini uso joshoni, BAADA imebonyezwa. Sekunde mbili kimya kabisa, nukta zote zikaganda, nikasema tumeua kila kitu. Halafu sauti ikarudi. Kunguru hawapo. Upepo haupo. Na nyuma, yaani mbele yangu, fimbo ya Bagika ikagonga ukingo wa ngoma, tak, nikashtuka nikaruka kwenye kiti. Mbula alikuwa anamtukana Gindu kwenye wimbo, neno kwa neno: koo la mpinzani ni mlango wa ghala, unalia lakini haufunguki.

"Sasa waambie," Tekla akasema, akanisukumia maikrofoni ya matangazo. Inakwenda juu na kwenye vipaza vya uwanjani.

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Mimi sio mtu wa hotuba. Nikasema hivi: "Jamani, huyu ni Lugembe wa Mwasenge, fundi waya. Kuanzia mwanzo mashine imewabana Bagika. Nilielekeza mshale kwa watu wangu. Sio masikio yenu, masikio yenu ni mazima. Ni mimi. Sasa tumezima. Sikilizeni upya, pande zote mbili. Themanini na saba, nenda joshoni, wapo."

Nje kelele zilivuma. Jiwe moja likagonga bati la kontena. Nililistahili, sina neno.

Sauti inachukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika kule, na nukta zinachukua sekunde nyingine kurudi. Nikahesabu kwa midomo. Themanini na saba akageuka. Akaruka. Hakusimama katikati, alikwenda moja kwa moja mpaka mguuni mwa ngoma ya Bagika, akaanza kurukaruka papo hapo, juu chini, juu chini. Anacheza.

Halafu wengine.

*

Filimbi ya mwisho ilipolia, juu Mbula alikuwa na mia nne na mmoja, sisi mia mbili na kumi na mmoja. Uwanjani tuliwazidi kwa watu kumi na wanne. Haikusaidia kitu.

Bagalu wengine walinipita bila kunisalimia. Mmoja alitema mate, sio mbali na kiatu changu. Mzee Maduhu alikuja taratibu, kofia kichwani.

"Nilisema ina joto," akasema. Akanipa mkono. Kisha akaukaza mpaka vidole vikaniuma. "Na ulinidanganya usoni, we mtoto."

"Nilikudanganya, mzee."

"Mwakani nakagua mashine mapema. Na wewe utanifundisha jinsi ya kuikagua."

"Nitakufundisha."

Mbula mwenyewe alikuwa amekwishafika ghalani, khanga begani, anamcheka Gindu. "Nilikwambia koo lako ni mlango!"

"Na wewe ukifika kule usiwachoshe watu. Wana kazi asubuhi."

"Andaa mzigo wa mkeo basi. Usizidi nusu kilo, wanapima." Akamgonga bega. "Na koo ulitibu. Nikirudi sitaki kushindana na bubu."

Gindu alicheka kidogo. Alipoondoka Mbula, kicheko kikaisha. Akakaa juu ya ngoma yake, ameishiwa.

Hesabu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kanuni nayo imekwisha. Nikamshika mkono nikampeleka kontenani kama mgonjwa. Tekla akasogea bila kuulizwa.

"Mia tatu arobaini," nikasema, nikaigusa kwenye skrini.

Ilikuwa pale pale ghalani, hatua mbili kutoka ngoma kuu. Nikafungua rekodi ya mwendo wake, ule mstari unaoonyesha nukta ilikopita tangu saa nane. Hakukuwa na mstari. Watu walikuja wakajaa, wakahama mia tatu na ushee, yeye alikuwa amesimama. Kidomo kimeelekea ngoma.

Gindu aliweka kidole kwenye kioo.

"Mkondo una dakika tatu na nusu," Tekla akasema. "Mipira bado inasikia."

Tukatoka. Mpira wa karibu na ghala ulikuwa umeelekea ngoma, na mshale wake mwekundu. Gindu akataka kusimama pale mbele, alipokuwa anaimba. Nikamvuta.

"Sio hapo. Zunguka. Simama nyuma ya mshale."

"Kwa nini?"

"Simama tu, kaka."

Akasimama nyuma ya nguzo, mahali ambapo saa moja iliyopita angekuwa kelele za ukumbi. Mimi nikarudi mpaka mlango wa kontena, ninapoweza kuwaona wote wawili, yeye na nukta. Nikainua mkono.

Hakuimba. Koo lilikuwa limekwisha. Alisogeza mdomo kwenye yale matundu, akasema kwa sauti ya mtu aliyeingia ndani jioni akamkuta mwenzake amempa mgongo jikoni:

"Kashinje. Niko nyuma yako."

Nikahesabu. Moja. Mbili.

Kwenye skrini kile kidomo kikatikisika. Kikaanza kuzunguka polepole, kikaiacha ngoma, kikaliacha ghala, kikaja mpaka kikamwelekea.

"Kaka!" nikapiga kelele. "Amegeuka!"